Maji Niliyoyamwaga

## Swali la mtoto

Nilikuwa nimesimama juu ya kiti, nikibandika ukutani picha ya nyuki yenye upana wa sentimita 60 niliyokuwa nimetoka kuichapisha katika mtaa wa Birere, hapa Goma, wakati mtoto wa yaya, dada yangu mkubwa, alipokaribia, akaelekeza kidole kwenye karatasi bila kuigusa, kama nilivyomzoeza, na kuuliza: "Mjomba, hiki kitundu ni cha nini?"

Nyuki yule ni wa jamii ya wale weusi wakubwa wanaotoboa nguzo na mapaa ya nyumba, ambao wataalamu huwaita Xylocopa. Picha ilimwonyesha kwa ubavu, kuanzia vipapasio hadi katikati ya tumbo. Kwa kuwa viungo vyake vilikuwa vimelainishwa kwa unyevu, tumbo lilikuwa limeinama kidogo, na uso wake wa mbele, ambao kwa kawaida hufichwa na kifua, ulikuwa wazi kwa nusu. Hapo ndipo kidole cha mtoto kilipoelekea. Palikuwa na uwazi mdogo, mweusi, wenye kingo laini za mviringo, ambao kwa ukubwa wa karatasi ile ungeweza kuufunika kwa kidole gumba.

Nilimjibu kwamba ni mahali tumbo linapoungana na kifua.

Jibu lile halikuwa la kweli, nami nilitambua hivyo kabla sijalimaliza, kwa sababu kiungo chenyewe kilionekana chini ya uwazi ule, kimekaa mahali pake, wala hakikuhitaji kitundu cha pili. Mtoto aliridhika, akaenda zake. Mimi nilibaki na picha, na kwa wiki tano zilizofuata sikuweza kupita mbele yake bila kuutazama uwazi ule kwanza.

## Namna nilivyomwandaa

Nyuki huyo alitoka katika maboksi ya Mwalimu, mzee wa mtaa wa Himbi aliyefundisha biolojia kwa miaka mingi na kukusanya wadudu kila alikopangiwa kazi. Chini ya pini yake palikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: Kirotshe, 14.III.1988. Hakuna zaidi. Alikuwa amekaa katika boksi muda mrefu kuliko umri wangu, na alikuwa mchafu kiasi kwamba hata nywele nyeupe za ubavuni mwake zilikuwa na rangi ya barabara.

Kazi ya kumwandaa mdudu mkavu kwa ajili ya picha za karibu huanza kwa kumrudishia unyevu, kwa kuwa mguu uliokaa mkavu kwa miaka hukatika kama ubua ukijaribu kuunyoosha. Mimi hutumia kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, mchanga uliolowanishwa chini, matone machache ya siki ili kuvu wasiote, na kipande cha sponji kinachomweka mdudu juu ya mchanga bila kumgusisha maji. Saa 24 humtosha mdudu mdogo. Nyuki huyu nilimwacha siku mbili. Kikaratasi chake nilikitoa kwanza na kukipachika kwenye pini nyingine karibu na kopo. Mwalimu anasisitiza penseli kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka katika alkoli, na mdudu aliyepoteza maandishi yake hana tena mahali alikotoka.

Baada ya hapo nilifuata njia ambayo watu wengi wanaopiga picha za nyuki wameijifunza kutoka maabara ya nyuki ya USGS, shirika la serikali la utafiti wa jiolojia huko Marekani, ile iliyoongozwa kwa miaka mingi na Sam Droege, ambayo imetoa bure kwa umma maelfu ya picha za nyuki kwenye mandhari nyeusi. Wao huwaosha nyuki katika chupa yenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, wakiitikisa, kisha huwasuuza, huwapitisha katika alkoli, na kuwakausha kwa upepo wa moto hadi kila unywele usimame peke yake. Hatua hii ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa sababu nyuki aliyekauka akiwa na nywele zilizogandamana hafanani na nyuki yeyote aliyewahi kuruka. Alkoli ya nyuzi 90 niliipata kwenye duka la dawa. Mashine ya kukaushia nywele niliiazima katika saluni ya yaya, baada ya mteja wa mwisho, nikasubiri umeme urudi.

Maji ya kwanza yalitoka meusi. Ya pili yalitoka ya kijivu. Baada ya maji ya tatu nilimtazama chini ya lenzi na kuona kwamba amebaki msafi kila mahali isipokuwa sehemu moja tu, mbele ya tumbo, ambapo palikuwa pamejaa taka za rangi ya kahawia hafifu, punje kadhaa ndogo kuliko ufuta zilizoshikana. Nilichukua pini nyembamba, nikazichokoa moja baada ya nyingine, nikamsuuza mara ya nne, nikamwaga maji yote nje, kwenye mawe.

Nililikumbuka jambo hilo la pini siku ya tatu baada ya swali la mtoto, nikiwa nyuma ya motari, dereva wa pikipiki, njiani kuelekea kazini. Kabla ya hapo halikuwa na nafasi yoyote katika kumbukumbu yangu. Nilikuwa nimeondoa taka, na mtu hakumbuki taka alizofagia.

## Vumbi la hapa

Ni lazima nieleze kwa nini nilikuwa na haraka ya kusafisha kiasi hicho.

Anayeishi Goma hana haja ya kuambiwa kuhusu vumbi, lakini kuliona likikuzwa ni jambo jingine. Chini ya hadubini, vumbi la nyumbani ni nyuzi: nyekundu ya blanketi, buluu ya shati, nyeupe ya pamba. Vumbi la barabara zetu ni vipande vya mwamba wa volkano, vyeusi, vyenye pembe kali, vingine ving'avu kama chupa iliyovunjika. Ukipitisha brashi kavu juu yake, hata brashi laini kuliko zote, unakuwa umeshika msasa. Nilijifunza hilo kwa mbawakavu mmoja wa kijani mwenye gamba linalometa, wa aina ambayo rangi yake haitokani na dawa yoyote ndani ya gamba, hutokana na namna tabaka zake nyembamba zinavyorudisha mwanga, na kwa hiyo haififii hata baada ya miaka mia. Nilimpangusa kwa dakika mbili tu. Katika picha, mgongo wake ulijaa mikwaruzo myembamba inayofuatana, yote ikielekea upande mkono wangu ulikokuwa unakwenda.

Mdudu aliye hai naye huumizwa na vumbi hilo. Majivu ya volkano hukwangua tabaka la nta linalofunika gamba lake, na tabaka hilo likishatoboka maji ya mwilini humtoka, akafa kwa kukauka. Mama yangu hachunguzi wadudu, lakini kila msimu huchanganya maharagwe ya mbegu na majivu ya jikoni ili fukusi wasiyatoboe, na kinachowaua fukusi wake kwa sehemu kubwa ni jambo hilohilo.

Tangu mbawakavu yule, nilikuwa nimeamua kwamba vumbi ni adui, na kwamba mdudu anayefika mbele ya kamera yangu lazima awe ameelea katika maji kwanza ili chembe zitoke zenyewe bila kusuguliwa. Uamuzi huo bado nauona sahihi kwa upande wa gamba. Kosa lilikuwa kwamba niliutanua, kidogo kidogo, hadi kila kilichokuwa juu ya mdudu na si mdudu nikakiita vumbi.

## Kifuko

Jibu la swali la mtoto nililipata usiku, nikitafuta kwa Kifaransa, kwa sababu kwa Kiswahili sikujua hata neno la kuanzia.

Uwazi ule ni mlango. Nyuki jike wa aina nyingi za Xylocopa wa Afrika na Asia ana kifuko ndani ya pingili ya kwanza ya tumbo, chumba chenye kuta zake mwenyewe, na ndani ya chumba hicho wanakaa utitiri wa jenasi Dinogamasus. Hawakuingia kwa bahati. Kifuko hakina kazi nyingine inayojulikana isipokuwa kuwabeba. Nyuki anapoondoka kwenda kutoboa mti mwingine na kutaga, utitiri huondoka naye, hushuka katika vyumba vya watoto wake, huishi na kuzaana humo pamoja na lava, yaani nyuki wachanga ambao bado hawana mabawa, na kizazi kipya cha nyuki kinapotoka, kizazi kipya cha utitiri kinapanda katika vifuko vipya.

Nilisoma hayo mara mbili. Kisha nikasimama mbele ya ukuta na kuutazama uwazi ule mweusi, wenye kingo laini, msafi kabisa.

Zile punje za kahawia zilikuwa na miguu.

Sijui namna ya kueleza aibu niliyoipata bila kuikuza kupita kiasi, kwa kuwa utitiri hao walikuwa wamekufa tangu 1988, na hakuna kiumbe niliyemdhuru. Lakini walikuwa wamekaa katika chumba chao kwa muda wote huo, wamepona safari, unyevu, kuvu, na wale mbawakavu wadogo ambao viluwiluwi vyao hula makusanyo hadi hubaki unga chini ya pini, na mtu wa kwanza kuwaona kwa ukaribu baada ya miaka yote hiyo aliwachokoa kwa pini na kuwamwaga kwenye mawe. Nilikuwa na nyenzo za kuwaona. Lenzi ilikuwa mezani. Sikuwatazama kwa sababu nilikuwa nimeshaamua wao ni nini.

## Kwa Mwalimu

Nilichelewa kumweleza kwa wiki mbili. Nilipokwenda hatimaye, nilimpelekea nakala ndogo ya picha, na aliishika mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akaisifu kwa dhati: hakuwahi kujua, alisema, kwamba nywele za nyuki yule zina matawi kama unyoya. Nilimweleza kuhusu kifuko. Alinyamaza, akageuza picha, akaigeuza tena.

"Na maji uliyomwoshea yako wapi?"

"Niliyamwaga, Mwalimu."

"Miguuni alikuwa na chavua?"

Nilifikiri kwa muda. Maji ya pili, yale ya kijivu, yalikuwa na utando wa manjano juu. Nilimwambia ndiyo, nadhani alikuwa nayo.

"Unajua, siku ile sikuandika alikuwa kwenye ua gani. Mvua ilikuwa inakuja. Nilisema nitaandika jioni." Akairudisha picha mezani. "Sasa sikumbuki tena."

Hakunilaumu. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angenilaumu.

Jambo hilo la chavua ndilo lililoniondolea usingizi kuliko hata utitiri, kwa kuwa linahusu nyuki wote niliowaosha. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walichapisha kazi waliyoifanya kwa kutoa chavua kwenye miili ya nyuki wa makumbusho waliokusanywa kabla ya 1950, ili kujua nyuki hao walikuwa wanakula mimea gani wakati mashamba ya nchi hiyo hayajabadilika. Waliweza kuonyesha kwamba aina za nyuki zilizopungua zaidi ni zile ambazo mimea yake ya chakula ilipungua. Mashahidi wao walikuwa chembe za manjano zilizokauka kwenye nywele za wadudu ambao hakuna aliyewahi kuwaosha. Laiti mtu mmoja mwenye upendo wa usafi angepewa funguo za kabati zile, swali lao lisingekuwa na jibu.

Kisha nikagundua jambo ambalo ningepaswa kulijua tangu mwanzo. Nyuki wa maabara ile ya Marekani kwa sehemu kubwa hukusanywa kwa vibakuli vya rangi vilivyotiwa maji ya sabuni. Nyuki hutua, huzama, hukaa humo kwa saa nyingi. Chavua yao imeshatoka kabla hawajafika mezani. Kuwaosha hakuwapotezei kitu, na njia yao ni sahihi kabisa kwa nyuki wao. Mimi niliichukua njia hiyo na kuitumia kwa nyuki mkavu aliyekamatwa kwa wavu kandokando ya ziwa letu, akiwa na safari yake yote ya siku ile mwilini.

## Nyuki wa pili

Wiki iliyopita Mwalimu alinipa mwingine. Boksi lilelile, mahali palepale, siku ileile. Alikuwa amekamata wawili.

Safari hii nilianza na kamera kabla ya maji. Nilimpiga picha pande sita akiwa na uchafu wake wote, kwa ukuzaji mdogo, ili niwe na ushahidi wa alivyokuwa. Halafu nilimweka katika kopo la unyevu, na alipolainika niliinamisha tumbo taratibu kwa pini mbili na kuelekeza kwenye kifuko lenzi ya hadubini inayokuza mara 4. Kwa lenzi hiyo, sehemu inayoonekana kwa ukali ina unene wa karibu mikroni 50, yaani moja ya ishirini ya milimita, na kila kilichopo mbele au nyuma yake ni ukungu. Kwa hiyo unapiga, unasogeza kamera mikroni 40, unapiga tena, hadi umepita kina chote, kisha programu inachukua kutoka kila picha ule utepe mwembamba ulio mkali na kuuunganisha na mingine. Kwa milimita 5 na ushei za kina nilihitaji picha 140. Mara mbili lori lilipita na meza ikatikisika. Mara moja ilitikisika ardhi yenyewe, kidogo tu, kama inavyofanya hapa, na nikaanza upya kutoka picha ya kwanza.

Walikuwepo. Watatu wamekaa mlangoni, migongo yao ya kahawia inang'aa kama maganda ya njugu, miguu imekunjwa chini, na nyuma yao katika giza ilionekana migongo ya wengine ambao sikuweza kuwahesabu. Juu ya ukingo wa mlango palikuwa na chembe moja ya mwamba, nyeusi, yenye pembe nne, karibu nusu ya ukubwa wa mmoja wao.

Chembe ile niliiacha.

Picha haina uzuri wa ile ya kwanza. Nywele zimegandamana, ubavu una matope makavu, na upande wa kushoto kuna uzi mwekundu ambao nina hakika ulitoka katika fulana yangu. Uzi huo niliutoa kwa koleo baadaye, kwa sababu ulikuwa wangu. Chavua ya miguu nilichukua kidogo kwa ncha ya pini na kuiweka kati ya vioo viwili, iliyobaki nikaiacha mguuni. Kama siku moja nitalazimika kumwosha, maji yatakaa katika chupa yenye namba yake hadi yatulie, na nitatazama kilichozama kabla ya kuamua chochote. Ninatambua kwamba wenzangu wengi wanaopiga picha hizi wataona huku ni kujichosha, na kwa kipepeo nisingekuwa na mjadala huu hata kidogo, kwa kuwa yeye haoshwi kabisa: magamba ya mabawa yake yanatoka kwa mguso wa kidole. Lakini kwa nyuki sioni tena njia ya mkato ambayo ningeweza kuitetea mbele ya Mwalimu.

Mtoto wa yaya alipokuja Jumapili nilimwonyesha mlango na wakazi wake. Nilimwambia pia kwamba siku ile nilimjibu vibaya, na kwamba nyumba aliyoiona ukutani ilikuwa tupu kwa sababu mimi niliifagia. Alitaka kujua kama picha ya kwanza itashushwa. Nilimwambia hapana.

Jioni tulikwenda pamoja kwa Mwalimu kurudisha nyuki wote wawili. Yeye ndiye aliyefungua boksi, akakata kikaratasi kipya, akachonga penseli na kunipa. Nyuki wa kwanza sasa ana vikaratasi viwili kwenye pini yake. Cha juu ni kile cha 1988. Cha chini ni mwandiko wangu: "Ameoshwa kwa maji na sabuni. Chavua na utitiri wa kifukoni vimeondolewa. Maji hayakuhifadhiwa."